Mgeni Anayelipa

Sahani ya wali ikiletwa mezani katika hoteli ya bei nafuu mjini Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya, pembeni yake huwa kuna ndizi mbivu. Hakuna aliyeiagiza. Haimo katika bei zilizoandikwa ukutani, na uile au uiache, hesabu yako ni ile ile. Kabla yake huenda kimetangulia kibakuli cha supu ya mifupa, maraq, na kipande cha ndimu kando, nacho pia hakikuombwa na mtu. Wali wenyewe, bariis kwa Kisomali, unalipiwa. Nyama ya mbuzi au ya ngamia iliyo juu yake inalipiwa. Chai ya maziwa itakayofuata italipiwa. Vile viwili vya ziada havina bei. Swali langu linaanzia kwenye ndizi hiyo. Je, ni zawadi, au ni bidhaa ambayo gharama yake imefichwa ndani ya wali? Na nyuma yake kuna swali kubwa zaidi, la dini na la akili pia: anayemlisha mgeni kwa pesa amemkirimu, au amemuuzia chakula tu na kuazima sura ya ukarimu ili biashara iende?

Niwape kwanza wenye shaka haki yao, maana hoja yao ni nzito na ina wazee. Wagiriki wa kale walikuwa na neno moja, xenos, kwa mtu asiyejulikana na kwa mtu anayekaribishwa, kama Kiswahili kinavyotosheka na neno mgeni kwa wote wawili. Walimhesabu Zeus mwenyewe kuwa mlinzi wa haki ya mgeni, na aliyemfukuza mtu mlangoni alijua kwamba amemkosea mungu. Lakini walipofika kwa mwenye nyumba ya kulisha na kulaza wasafiri kwa malipo, heshima iliwaishia. Plato, katika kitabu cha 11 cha Sheria, anakiri kwamba kazi hiyo ina manufaa, na kwamba kama watu wema kabisa wangelazimishwa kuifanya, tungeiona ilivyo ya kupendeza. Shida, anasema, ni jinsi inavyofanywa: mtu hujenga mahali pa upweke, njia ndefu pande zote, akampokea msafiri aliyepigwa na dhoruba au aliyeunguzwa na jua, kisha badala ya kumwachilia kama rafiki humshika kama mateka wa vita na kumtoza fidia. Aliyewahi kushushwa na basi usiku wa manane penye hoteli moja tu kati ya Garissa na Wajir hahitaji kufafanuliwa maana ya maneno hayo.

Dini iliyotawala nyoyo za watu wa Kaskazini Mashariki nayo inaonekana kuwa upande wa shaka. Qur'ani, katika sura ya Adh-Dhariyat, inamweleza Nabii Ibrahim akijiwa na wageni asiowajua, akiwaitikia salamu, akijitenga kimya kimya kwenda kwa watu wake na kurudi na ndama aliyenona. Hakuna bei hapo. Sura ya Al-Insan inawasifu wanaomlisha maskini, yatima na mfungwa bila kutaka malipo wala hata shukrani. Hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim inampa mgeni siku tatu za haki, na kinachozidi hapo kinahesabiwa sadaka. Ukiyapanga mambo haya kwa mstari mmoja, mwenye hoteli hana pa kusimama: Ibrahim alitoa, yeye anatoza, wema hawataki hata shukrani, yeye anataka pesa kabla hujavuka kizingiti kutoka.

Hata hivyo naamini hukumu hiyo imekosea, na imekosea kwa kumtazama mwenye kutoa peke yake. Ukarimu una watu wawili. Anayepokea naye ana nafsi, ana aibu, ana hesabu anayoifanya moyoni kila tonge linapoingia kinywani. Mfaransa Marcel Mauss, katika insha yake ya 1925 kuhusu zawadi, alionyesha kutoka jamii nyingi kwamba kitu kilichotolewa bure hakiji peke yake. Huja na deni la kurudisha. Wahenga wetu hawakuhitaji kuambiwa na Mfaransa. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. (Methali ni ya wakulima; mjini Garissa, kwa watu wa ngamia na mbuzi, jembe lenyewe lingetafutwa kwa majirani.) Methali hiyo na ile hadithi ya siku tatu zinajua jambo moja: kuna kikomo ambacho wema, ukikivuka, unaanza kumlemea anayetendewa. Na hata Ibrahim alijitenga kimya kimya. Wafasiri wengi wanaona hapo adabu ya mwenyeji, kwamba hakutaka wageni waone taabu yake wakaanza kumzuia. Alijaribu kuwapunguzia uzito wa kupokea.

Sasa mfikirie mtu aliyeleta mbuzi wanne katika soko la mifugo la Garissa, moja ya masoko makubwa ya mifugo Afrika Mashariki, na dalali akamwambia wanunuzi watakuja kesho kutwa. Au mwanafunzi wa chuo kutoka Kakamega, asiye na jamaa hata mmoja ng'ambo hii ya Mto Tana. Wa kwanza ana watu wa ukoo mjini, lakini kila akila kwao anaongeza hesabu ambayo siku moja italipwa kwa beberu. Wa pili hana mlango wa kubisha. Wote wawili wanaingia hotelini, wananawa kwenye sinki lililo karibu na mlango, wanakaa kwenye viti vya plastiki, na wanapotoka hawadaiwi na mtu. Bei ndogo inayojulikana imewafanyia jambo ambalo zawadi ingeshindwa: imewalisha na kuwaacha huru. Kama ukarimu ni kumfanya mgeni ajisikie yuko mahali pake, basi kumwondolea mzigo wa deni ni sehemu ya kazi hiyo, tena sehemu ngumu.

Wagiriki hao hao walikuwa na neno la nyumba hizi walizozidharau. Waliziita pandokeion, mahali panapopokea wote. Waarabu walilichukua wakasema funduq, na ndilo wanalotumia hadi leo kwa nyumba ya wageni. Neno lile lile limo katika Injili ya Luka, katika kisa cha Msamaria. Mahubiri mengi humsifu Msamaria kwa kumwokota njiani mtu aliyepigwa na wanyang'anyi, halafu huishia hapo. Lakini Msamaria hakumpeleka nyumbani kwake. Alimpeleka katika nyumba ya kulipia, akatoa dinari mbili, akamwambia mwenye nyumba kwamba gharama ikizidi atalipa atakaporudi. Mwenye nyumba, ambaye hatajwi jina wala hasifiwi, alikubali kuwa na mgonjwa asiyemjua kwa ahadi ya mtu mwingine. Bila yeye rehema ile ingekwama barabarani juu ya punda. Mfano huu mashuhuri wa upendo kwa jirani unapita, wazi kabisa, mikononi mwa mfanyabiashara wa chakula na malazi.

Sura ya Al-Kahf ina upande wa pili wa jambo hilo. Musa na mwenzake, ambaye wafasiri humwita Khidhri, wanafika katika mji, wanaomba chakula, na wenyeji wanakataa kuwakaribisha. Wanaukuta ukuta unaotaka kuanguka, mwenzake anausimamisha, na Musa anamwambia kwamba angetaka angechukua ujira. Njaa, ukarimu ulionyimwa na ujira vinakutana katika aya moja. Ni mji ambao kila kitu kilitegemea moyo wa mwenyeji, na moyo ulipofungwa hapakuwa na mlango mwingine. (Laiti pangekuwa na kibanda kimoja cha chai.) Simaanishi kwamba aya inapigia debe hoteli. Nasema inatukumbusha kwamba ukarimu wa nyumbani, ukiwa ndio njia pekee, unamweka msafiri chini ya hiari ya watu, na hiari ya watu huchagua.

Huchagua kwa kuuliza. Nyumbani mtu hutambulishwa kwanza: mtoto wa nani, wa ukoo gani, ametoka wapi. Swali hilo ni la upendo linapoulizwa na bibi kizee, lakini katika nchi hii limeulizwa na wengine pia. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya wilaya maalumu iliyowabana watu wa kaskazini wasitembee bila ruhusa. Baada ya uhuru, eneo likawekwa chini ya hali ya hatari iliyodumu mpaka 1991. Wakati wa msako wa 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali walitakiwa kuthibitisha uraia wao na kupewa kadi za rangi ya waridi. Si ajabu kwamba wazee wa huku, wakisafiri kwenda Nairobi, walizoea kusema wanakwenda Kenya. Hata sasa abiria anayevuka Tana anajua kushuka kwenye kizuizi na kushika kitambulisho mkononi. Na tarehe 2 Aprili 2015, katika Chuo Kikuu cha Garissa, wauaji waliwatenga wanafunzi kwa dini zao, na watu 148 wakauawa. Mahali ambapo swali la wewe ni nani limebeba uzito wa namna hiyo, kuna jambo la kushangaza katika swali la weita anayekuja na kitambaa begani. Anauliza utakula nini.

Hapa mpinzani wangu atasema kwamba kutouliza si upendo, ni kutojali. Mwenye hoteli haulizi ukoo wala dini kwa sababu noti haina ukoo wala dini. Nakubali kwamba hicho ndicho kinachowasukuma wengi. Lakini tazameni tena Ibrahim: wageni wake aliwaona kuwa watu asiowajua, na chakula kilitangulia maelezo. Alichofanya yeye kwa ucha Mungu, hoteli inakifanya kwa mazoea ya kazi, na matokeo kwa mwenye njaa yanafanana. Sidai kwamba nia mbili hizo zina thamani moja mbele ya Mungu. Nia ni hesabu ya mtu na Mola wake. Nadai kwamba mji unaweza kujenga desturi inayombeba hata mtu wa nia ndogo akatenda karibu na tendo la mtu wa nia kubwa, na kwamba desturi hiyo si kitu cha kubezwa.

Kuhusu ndizi, hesabu ya kiuchumi inasema imo ndani ya bei ya wali, mambo yamekwisha. Sikilizeni lakini jinsi watu wanavyolalamika. Wali ukiwa kidogo, mteja husema hoteli hii ni ghali. Ndizi ikikosekana, hasemi hivyo. Husema siku hizi wamekuwa wachoyo. Ghali ni lawama ya sokoni. Uchoyo ni lawama anayotupiwa mwenyeji. Anayemwita muuza chakula mchoyo amekwisha kukubali, pengine bila kujua, kwamba anamhesabu kuwa mwenyeji wake, na kwamba kati yao kuna kitu kisichoandikwa ukutani. Huko Ugiriki ya leo, katika taverna za kawaida ambako watu hula samaki na saladi bila kuvaa rasmi, mwisho wa chakula mara nyingi huletwa matunda au kitu kitamu ambacho hakimo katika hesabu. Wenyewe hukiita kerasma. Wao wako kwenye bahari ya zeituni na watu wa Garissa kwenye mchanga mwekundu wa Tana, na wote wamegundua kwamba mlo uliolipiwa wote, bila chembe iliyobaki nje ya hesabu, unaacha ladha mbaya.

Fiqhi yenyewe, yaani sheria ya Kiislamu, imeshayaona mambo haya. Watu wa Garissa, kama wa pwani, wanafuata madhehebu ya Shafi, ambayo wanazuoni wake wengi wa mwanzo waliona kwamba mauzo hayatimii bila tamko la muuzaji na la mnunuzi. Kwa kipimo hicho karibu kila mlo wa hotelini ungekuwa na kasoro, kwani nani amewahi kumsikia weita akitamka nimekuuzia na mteja akitamka nimenunua? Imam Nawawi, aliyefariki 1277 na ambaye kitabu chake, Minhaji, bado kinasomwa na wanafunzi wa fiqhi katika eneo hili, aliegemea rai kwamba kupeana mkono kwa mkono kunatosha pale watu wanapokuhesabu kuwa ni mauzo. Sheria ikainamia desturi. Lakini haikuinama mpaka chini: bei isiyojulikana inabaki kuwa tatizo, na ndiyo maana orodha iliyochorwa ukutani, kwa rangi iliyokwisha kukwajuka na nambari zilizofutwa na kuandikwa upya mara tatu, ina uzito zaidi wa kimaadili kuliko inavyoonekana. Inamtenga mwenye hoteli na yule mshika mateka wa Plato. Mteka hutaja fidia akishakushika. Orodha inataja bei wakati bado unaweza kugeuka na kwenda zako. Palipo na hoteli moja tu na hakuna orodha, Plato yuko sahihi, nami sina neno la kumtetea mtu huyo.

Vipi asiye na pesa kabisa? Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote, na bei nafuu hailijibu, maana nafuu ya aliye na mia mbili haimfikii aliye na sufuri. Kinacholijibu, kwa kiasi, ni kitu kilichoko chini ya kaunta. Hoteli nyingi zina maandishi ukutani yanayokataa mkopo, wakati mwingine kwa mzaha, na chini ya maandishi hayo, mkononi mwa keshia, kuna daftari la madeni. Limejaa majina ya utani, vibarua wa kupakia lori, waendesha bodaboda, walimu wanaongoja mwisho wa mwezi. Qur'ani inaagiza mdaiwa mwenye dhiki angojewe mpaka apate wepesi, na kumsamehe kabisa ni bora zaidi. Na iko hadithi ya mfanyabiashara aliyesamehewa na Mungu kwa sababu alikuwa akiwaambia watumishi wake wawavumilie wadaiwa walioshindwa. Mwenye daftari yuko kwenye nafasi nzuri zaidi ya kutenda wema huo kila siku kuliko tajiri anayechinja mara moja kwa mwaka. Pia tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, Msamaria hahitaji kurudi kwa miguu. Mtu aliye Eastleigh, Nairobi, au Minneapolis, Marekani, humpigia mwenye hoteli, anamwambia kijana fulani ale hapo mpaka mwisho wa mwezi, na pesa inaingia kabla simu haijakatwa. Bado wako wasio na jina katika daftari wala jamaa ng'ambo. Kwao hoteli si jibu, na mji unaowaachia hoteli kazi hiyo umekimbia zaka yake.

Wengine watasema hoteli imewafundisha watu kufunga milango ya nyumbani. Wazee wa wafugaji husimulia wakati ambapo kuuza maziwa kulikuwa aibu. Aliyepita kwenye boma alinyweshwa, basi. Nawaelewa, lakini nadhani wanamlaumu asiyehusika. Ukarimu ule ulisimama juu ya miguu ya ngamia na ng'ombe, na kati ya 2020 na 2022 mvua ilishindwa misimu mitano mfululizo, mifugo ikafa kwa maelfu na maelfu. Boma lisilo na maziwa haliwezi kumnywesha mpita njia hata moyo ukitaka. Waliohamia pembezoni mwa mji na kufungua kibanda cha anjera na chai hawakuuacha ukarimu wa baba zao, walibeba kilichobebeka.

Pingamizi ninaloshindwa kulijibu linahusu jina lenyewe, mahali panapopokea wote. Katika hoteli nyingi za Garissa ukumbi wa mbele ni wa wanaume, na wanawake, wakiwa na nafasi, huwekwa nyuma ya pazia karibu na jiko, penye joto na moshi. Si dini iliyolazimisha kwamba sehemu yao iwe ndogo na mbaya zaidi; sura ya An-Nur inasema hakuna lawama kula pamoja au mbalimbali, na haikusema nani akae penye feni. Ni kwamba aliyepanga viti alipomwaza mgeni alimwaza mwanamume. Hoja yangu yote ya bei isiyouliza wewe ni nani inagota kwenye pazia hilo, kwa sababu hapo hoteli imeshauliza na kujijibu kabla mtu hajaingia. Kila alfajiri maziwa ya ngamia yanafika mjini kwa madumu ya plastiki, na biashara hiyo karibu yote iko mikononi mwa wanawake. Ndiyo yanayotiwa katika chai ya ukumbi wa mbele. Aliyeyaleta anahesabiwa pesa zake mlangoni, na chai yake, akiletewa, anainywa pale nje, kikombe kikiwa juu ya dumu tupu.